Bibi Asiye na Idara

Nikiwa afisa ustawi wa jamii Bariadi, nilifanywa katibu wa kamati ya kuratibu masuala ya watu wasio na makazi. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, bango, na chai yenye sambusa. Kilichokosekana ni mtu asiye na makazi. Kwa hiyo nilipomkuta bibi mmoja amelala kibarazani mwa ghala la pamba karibu na soko, nilijiona nimeokota almasi.

Alikuwa mjane kutoka vijijini upande wa Meatu. Moshi wa jikoni wa maisha yote ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mumewe alipofariki, mashemeji waliyatazama macho hayo, wakalitazama na shamba, wakaamua kwamba ni mchawi. Nyumba ikachomwa yeye akiwa kisimani. Alinisimulia haya kwa utulivu, kama anayesimulia habari za mvua.

Nikampeleka kikaoni. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akasikiliza wataalamu wakimjadili. Mtu wa ardhi alisema wao hushughulika na wenye viwanja. Mtu wa maafa akaeleza kwamba moto wa kuwashwa na watu si maafa, ni jinai. Polisi akakubali kwamba ni jinai, na jalada limefunguliwa, ila jalada halina kitanda. Daktari alimtazama kutoka alipokaa, akatangaza kwamba ni mzima, hivyo hospitali haimhusu. Wote wakanigeukia mimi. Nikajibu kwamba kazi yetu ni kuratibu. Mwenyekiti akapendekeza ziara ya mafunzo mkoa mwingine, na hakuna aliyepinga.

Ndipo bibi akaomba kusema.

"Wanangu," alisema, "mimi nilifukuzwa na kijiji kimoja tu."

Mwenyekiti akaagiza mchango wa mdau uingizwe kwenye muhtasari, tukaenda kula.

Mama lishe aliyetupikia alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Alipomaliza kukusanya sahani alimwendea bibi, akapiga goti kumsalimu kwa Kisukuma, kama anayemsalimu mama yake.

"Mayu, nina chumba ninachowekea mkaa," akamwambia. "Mkaa unaweza kulala nje."

Wakaondoka pamoja, bibi amebeba sufuria.

Habari zilipotufikia tulikwenda kwa msafara kukabidhi chumba ambacho hatukukitoa. Mpiga picha alimwomba bibi asogee kando, maana alikuwa anaziba neno "uratibu" kwenye bango. Ripoti ikasema lengo limefikiwa.

Siku hizi nikipita kwa mama lishe kula ugali kwa samaki wa Lamadi, nawakuta wanagombana. Bibi anadai mwenzake huacha mlango wazi, mbuzi wakaingia. Mwenzake anasema bibi ndiye anayewazoesha kwa maganda ya viazi. Juzi walinitaka niwaamue, kwa kuwa mimi ni serikali. Nikasema suala hilo linahitaji kikao. Bibi akaniambia ninawe mikono, chakula kinapoa.