Aliyeitika Jina la Dada Yangu

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Ilikuwa asubuhi, na kilichokuwa tumboni mwangu ni ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha aliyotufungia mama. Usiniulize pia kama nilisinzia. Nimeulizwa hayo na padri, nimeulizwa na wakubwa wa bomani, nimeulizwa na jamaa zangu wenyewe, na kila mara nimejibu kwa adabu. Adabu hiyo sasa imeniishia. Nitakueleza mambo yote kwa mpangilio, kama yalivyotokea, na kuamini au kutoamini ni shauri lako. Ila kama una safari ya ndege, na mtu amekuambia uwahi uwanjani mapema, nakuomba usiishie njiani.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, ingawa watu walikwisha kuanza kusema hadharani kwamba ataondoka. Tuliishi Newala, juu kabisa ukingoni, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Dada yangu Tekla alikuwa muuguzi wa hospitali ya misheni. Mimi mdogo wake nilikuwa nimeanza kufundisha darasa la kwanza. Mwaka huo Tekla alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ukunga.

Unajua maana yake kwetu? Mama yetu mdogo alikufa na mtoto tumboni, akiwa juu ya machela, wanaume wanamteremsha mlimani kumtafutia daktari. Tekla alikuwa anatembea kando ya machela ile, amemshika mkono. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Kwa hiyo nafasi hiyo haikuwa fahari ya kuvaa viatu na kupiga picha. Ilikuwa ni kina mama wa Newala watakaokufa au wasiokufa.

Mpango ulikuwa huu. Ndege ndogo, iliyokuja mara moja kwa juma, ingemchukua kwenye uwanja wa Masasi hadi Dar es Salaam. Jioni ile ile ndege kubwa ingeondoka Dar es Salaam kwenda Ulaya. Akiikosa ndogo, na kubwa ameikosa, na nafasi anapewa mwingine. Bomani walimwambia wazi: "Abiria wa nchi za nje hasubiriwi. Uwe uwanjani kabla jua halijatoka." Ndege yenyewe ilikuwa ya saa nne asubuhi.

Sisi watu wa Newala tukiambiwa mapema, tunafika mapema. Usiku wa kuamkia safari baba aliongoza sala, maana alikuwa mwalimu wa kanisa. Baba alipokwenda kulala mama akamwaga unga kizingitini, ukasimama kama kichuguu kidogo, kama walivyofanya bibi zake kumtazamia msafiri njia: ukimomonyoka, asiende. Tulipoamka unga ulikuwa umesimama vilevile, haukumomonyoka hata kidogo. Baba aliuruka akijifanya hakuuona. Sala imesaliwa, unga umesimama, karatasi zote ziko sawa. Sasa niambie, tulikosea wapi?

Tulipanda lori la korosho. Dereva alikuwa Mmakua mmoja mcheshi, na aliposikia tunakokwenda na saa ya ndege yenyewe, alicheka mpaka tukaogopa lori litaingia korongoni.

"Dada, unakwenda kuipanda hiyo ndege au kuiatamia?"

"Endesha gari, baba," Tekla akamjibu. "Nikifika Ulaya nitakuletea miwani uione barabara."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia dada yangu akifanya mzaha.

Tulishuka uwanjani gizagiza la alfajiri, ukungu umeshuka kutoka kwenye ile milima ya mawe ya Masasi, mzito kana kwamba tumekuja nao kutoka nyumbani. Uwanja ulikuwa nyasi zilizofyekwa, mlingoti wenye mfuko wa upepo, na kibanda cha bati chenye baraza. Barazani kulikuwa na viti. Karani wa uwanja, mtu wa pale pale Masasi, mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Alitutazama kama watu waliokuja kudai kitu.

"Ndege saa nne."

"Tumeambiwa tuwahi," nikasema.

"Basi mmewahi. Baraza ni ya Wazungu. Nyie mkakae kule, kwenye mkorosho. Mtaitwa."

Alionyesha ng'ambo ya uwanja. Tekla alikuwa na tiketi sawasawa na ya Mzungu yeyote, imelipiwa sawasawa. Nilifungua mdomo kusema hivyo, lakini dada akanivuta shati. Nikajitwika sanduku lake la bati, lenye sare zake na vyeti vyake, tukavuka uwanja.

Chini ya mkorosho tulimkuta mzee. Alikuwa amekaa juu ya mzizi, amejifunga shuka iliyofifia rangi, na kichwani alikuwa na kata ya majani, ile ya kujitwikia mzigo, ila mzigo wenyewe hakuwa nao. Mtu mwenye kata kichwani bila mzigo! Nilimwona wa ajabu, lakini nilikuwa nahema na sanduku na sikuweza kusema neno. Tekla alifanya kama tulivyolelewa. Alikaa chini kwanza, maana kwetu mkubwa hasalimiwi kwa kusimamiwa, akasema, "Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. Alimgeukia taratibu, akamuuliza:

"Wamekuita?"

"Bado, babu. Ndiyo kwanza tumefika."

"Umekuja mapema."

"Ndiyo, babu."

"Vizuri. Mimi pia nilikuja mapema."

Nikatua sanduku. Nikasema moyoni, nitamwamkia akimaliza kuzungumza na dada. Namshukuru Mungu kwamba hakumaliza.

Alianza kuuliza habari za nyumbani, na unajua wazee wa kwetu wakianza. Mtoto wa nani? Wa ukoo gani? Maji mnateka wapi, bado kule bondeni? Akamtaja bibi yetu mzaa mama, akauliza kama ndonya yake ya mdomoni bado anaivaa. Bibi alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Tekla alipomwambia hivyo, mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa kuwa mvua imechelewa. Akauliza jambo jingine. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Na kila baada ya maneno machache alirudia, "Wamekuita?" na Tekla alimjibu, "Bado, babu."

Ukungu haukuondoka. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Pale chini ya mkorosho palibaki alfajiri. Umande ulikuwa ule ule, ubaridi ule ule. Hatukusikia mtu, hatukusikia gari, hatukusikia ndege. Nikamnong'oneza dada twende tukachungulie kibandani.

"Hajaniitikia," akasema.

"Nini?"

"Mzee hajaniitikia shikamoo yangu. Nitaondokaje?"

Wewe msomaji wa mjini labda unacheka. Kwetu sisi, ukimwamkia mkubwa unangoja akuitikie. Ukiondoka kabla, umemtukana, na mtu anayekwenda safari ndefu haachi matusi nyuma yake. Nilimwelewa dada, nikabaki. Baadaye nikabanwa na haja ndogo, nikainuka kwenda kichakani.

Nilipotoka nje ya kivuli cha mkorosho ule, jua kali liliniwaka. Niamini. Kivuli changu kilikuwa kimekwisha kufupika. Hapakuwa na ukungu hata wa kufuta kwa kidole, na uwanja wote ulionekana hadi mwisho, nyasi zimelazwa upande mmoja na upepo wa ndege iliyokwisha kuondoka. Kaskazini, juu kabisa, palikuwa na nukta moja inayong'aa, halafu haikuwepo tena.

Haja yenyewe niliisahau. Nilikimbia hadi kibandani. Karani alikuwa anafunga mlango.

"Mbona hukutuita?" Nilimshika ukosi wa shati lake, na sijutii. "Mbona hukutuita?"

"Nimeita! Niache! Nimesimama hapa nikaita jina la dada yako, akaitika, akaja!"

"Nani aliitika?"

"Dada yako! Nimempandisha mwenyewe kwa mkono wangu huu. Sanduku la bati kichwani, kajitanda khanga. Nikamwambia shusha sanduku nikusaidie, akakataa, akasema amezoea kubeba. Una wazimu?"

Nilimgeuza kichwa kwa mikono yangu, nikamwelekeza ng'ambo ya uwanja. Tekla alikuwa amekaa kwenye mkorosho, peke yake, kwenye mwanga wa mchana, anaonekana wazi kama ninavyokuona wewe. Karani aliuacha ufunguo mlangoni.

Tulikwenda pamoja. Mzee hayupo. Sanduku la bati halipo. Tekla amekaa juu ya ule mzizi, na mapajani mwake kuna kata ya majani.

"Dada, inuka. Babu yuko wapi?"

"Ameitwa," akasema. "Amesema nimshikie."

Hapo karani akaanza kuzungumza, haraka haraka, kama mtoto anayekaribia kuchapwa. Wakati wa vita vya Mjerumani, akasema, wapagazi waliletwa mahali hapa na mizigo ya askari. Wakaambiwa wakae, wataitwa. Askari wakaenda zao upande mwingine. Wapagazi hawakuambiwa kitu, na mtu aliyeondoka bila ruhusa alipigwa risasi, kwa hiyo walikaa. Njaa ikawamaliza, na ndui. Wengine walizikwa pale pale walipokaa. Huyu mmoja huonekana.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Kila mtu wa Masasi anajua."

"Na ukatutuma tukae hapa?"

"Bwana mkubwa ndiye aliyesema Waafrika wangoje hapa, mimi nifanyeje? Watu wa hapa hawana shida, ndugu yangu. Watu wa hapa huja ndege ikishatua."

Rudia kusoma maneno hayo. Watu wa hapa huja ndege ikishatua. Walikuwa wanajua, wakakaa nalo, na kila mmoja akajipangia namna yake ya kuchelewa. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia Tekla, wala kuweka kibao, wala kuukata mti. Aliyeandika amri ya kuwahi alilala kitandani kwake, akijua kiti chake kipo barazani. Mzee yule namlaani, lakini kwake hasira yangu ina kikomo, maana naye aliambiwa akae na akakaa. Waliomwambia wakamsahau ndio ambao hasira yangu kwao haina kikomo. Na kumbuka hili: hakuitikia shikamoo ya mtoto wa watu aliyekaa chini kumheshimu, lakini jina lilipoitwa kutoka barazani aliitika mara moja.

Kutoka Dar es Salaam habari zilikuja kwa simu ya bomani. Walioteremka kwenye ndege ile ni Wazungu, na hakuna mwingine. Rubani aliapa kwamba alikuwa na abiria mwanamke Mwafrika na hakumwona akishuka. Sanduku halijapatikana mpaka leo. Bomani waliandika kwamba Tekla alichelewa. Alichelewa! Nafasi yake ilipewa mtu mwingine, na sisi tulirudi Newala kwa lori lile lile.

Tekla alirudi kazini. Walimpeleka zahanati ya Chiungutwa, na wanawake waliozalishwa naye watakuambia kwamba mikono yake ni mizuri. Sikatai. Lakini akimaliza kazi hukaa nje mlangoni na ile kata mapajani, anatazama barabara. Niliichoma moto mwenyewe, nikasimama hadi ikawa majivu. Asubuhi ilikuwa mapajani mwake, majani mabichi, kama iliyosukwa sasa hivi. Mama alimwaga unga mlangoni kwake mara nyingi. Unga husimama vizuri sana, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Na tangu siku ile dada yangu hajasema marahaba. Watoto wa Chiungutwa wamekwisha kuacha kumwamkia, hupita mbali. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea na binti yangu, ambaye nilisahau kumwonya. Mtoto ana adabu, kama nilivyomfundisha. Alikaa chini, akasema, "Shikamoo, shangazi."

Tekla aliiweka kata vizuri mapajani, akamgeukia taratibu.

"Wamekuita, mwanangu?"

"Bado, shangazi," mtoto akajibu, na nilimwona akijiweka sawa pale chini, kama mtu anayejiandaa kukaa sana.

Niliitikia mimi. Nilisema "Marahaba!" kwa sauti iliyowatoa majirani nje, nikamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, nikatoka naye bila kumuaga dada yangu wa tumbo moja. Nililia njia nzima, na kama ingebidi nifanye tena ningefanya vile vile.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, sikiliza. Usiulize bomani ufike saa ngapi, waulize wenyeji wao huja saa ngapi. Ukishafika, wakikuonyesha mahali pa kukaa mbali na mlango, wakakuambia utaitwa, usikae. Simama mlangoni, hata wakikusukuma. Ukimkuta mtu aliyewahi kuliko wewe, usimwamkie. Na akikuuliza kama wamekuita, usimjibu, ondoka bila adabu. Sisi tulikuwa na adabu.