Kuta Zangu na Ng'ombe wa Mama

Nilijigamba mbele ya mama kwamba nimepata nyumba kwa bei ya kutupa. Kuta zinatengenezwa Mombo, marobota ya mabua ya mpunga yakibanwa ndani ya fremu za mbao, kisha lori linazipandisha hadi kwetu Gare, mlimani, tayari kusimamishwa. Saruji kidogo, mafundi wawili. "Na mabua yenyewe ni takataka," nikaongeza. Mimi na mdomo wangu!

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja bandani, na kiangazi kile hapakuwa na jani la kumkatia.

Kuta zilifika, nikazipanga uani kwa mama zikisubiri mafundi. Ng'ombe alilia siku mbili. Siku ya tatu akalala, akagoma kuinuka. Nikakimbilia Mombo kutafuta mabua, nikakuta wafugaji wameyamaliza. Robota moja lililobaki lilikaribia bei ya mfuko wa saruji, na mwenyewe hakutaka kuuza.

Nilirudi mikono mitupu. Mama alikuwa amesimama mbele ya kuta zangu, panga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hizi takataka zako nianze kuzikata upande gani?"