Sikio la Mbuzi wa Papa Radjabu

Mimi ndiye niliyekata lile sikio. Naanza na hilo, kesho mtu asije akasema Séraphine alificha. Nilikata kwa mkono wangu, kwa wembe mpya, kule kijijini kwetu Miti, na nilikata kwa mapendo.

Papa Radjabu ni jirani yangu hapa mtaa wa Cimpunda, Bukavu, ukuta kwa ukuta. Akikohoa, mimi ndiye ninayesema pole. Siku za kawaida anashona viatu karibu na soko la Kadutu, lakini ikifika Idi ya kuchinja, Waislamu wa mtaa wetu wanamwita yeye. Miaka zaidi ya thelathini anachinja mbuzi wa watu. Mimi ni Mkatoliki, nauza maharagi, lakini kazi yake hiyo nimeitazama juu ya ukuta tangu nilipoolewa, na masharti yake nimeyashika kama katekisimu. Kisu ananoa nyuma ya nyumba, mnyama asikione. Mbuzi wawili hawachinjwi wakitazamana. Anatundika turubai katikati. Mnyama analazwa ubavu wa kushoto, uso kibla, na kibla kwetu iko upande wa ziwa. Hakuna kugusa mnyama kabla swala ya Idi haijaisha. Ukichinja kabla ya swala, anasema, umekula nyama tu kama siku nyingine. Na ngozi hapokei kuwa malipo, hata umsukumie. Nilimcheka sana kwa hilo la ngozi.

Kisha, kabla kisu hakijashuka, anainua kichwa na kuuliza, "Ya nani?" Mwenye mbuzi anataja jina lake na watu wa nyumba yake, Papa Radjabu anarudia jina hilo mbele ya Mungu, halafu bismillahi. Ametaja majina ya mtaa mzima. Lake mwenyewe hakuwahi kulitaja, maana mshona viatu atatoa wapi mbuzi?

Ni mke wake, Maman Mwavita, aliyepata wazo. Anakaanga na kuuza sambaza, visamaki vya ziwani, na miaka miwili iliyopita alinunua mbuzi mdogo, jike, akaniletea. "Maman Séraphine, hapa Cimpunda ata kuku anakosa pa kulala. Mupeleke Miti kwa ndugu yako, anitunzie. Huyu njo wetu wa Idi." Nikampeleka kwa ndugu yangu Polycarpe, na kila nikipanda Miti kuchukua maharagi, namwangalia. Alinenepa, alipendeza, mimi ndiye niliyejisifu kama nimemzaa.

Mwaka huu jambo likawa na uzito mwingine. Macho ya Papa Radjabu yameingia ukungu. Alituambia wazi, "Mutu asiyeona muzuri hapashwe kushika kisu juu ya kiumbe. Inapashwa kukatwa mara moja tu, bila kuteseka. Idi hii njo ya mwisho kwangu." Kwa hiyo mbuzi wa Mwavita alikuwa wa kwanza kwake na wa mwisho kwa mkono wake. Akikosa mwaka huu, amekosa.

Sasa msikie wazimu wangu. Kule Miti mbuzi wanachungwa pamoja, na kila ukoo una alama yake sikioni: hawa wanapasua, wale wanatoboa, sisi tunakata ncha ya kuume. Mwezi wa tano jirani mmoja akaanza kusema yule jike ni wake. Nikachemka! Mbuzi wa Papa Radjabu apotee, mimi nikiwa hai? Nikashika wembe, nikakata karibu nusu ya sikio, ili hata kipofu ajue ni wa kwetu.

Na Papa Radjabu alijua. Jioni ya kuamkia Idi tulimshusha mbuzi kutoka Miti, giza limeshaingia, tukamfunga nyuma ya nyumba. Asubuhi, watu waliporudi kutoka swala, Papa Radjabu akaanza kumkagua kwa vidole: meno, macho, miguu, mkia. Akafika sikioni. Vidole vikasimama. Vikarudi tena pale pale.

"Nani alikata hapa?"

"Miye," nikasema, nimenyoosha shingo, nangoja asante.

Akakaa chini. "Maman Séraphine, mnyama wa Idi anapashwe kuwa muzima. Kilema hapana, kipofu hapana, mugonjwa hapana. Na sikio lililokatwa hivi, hapana. Huyu sasa ni nyama tu."

Aibu ilinishika, na mimi aibu ikinishika inatoka kama hasira. Nilipiga kelele mpaka watoto wa jirani wakatoka. "Kumbe Mungu wenu anahesabu masikio? Nimechunga mbuzi miaka mbili, na leo munanihukumu kwa kipande cha ngozi?" Yeye aliinuka pale chini. Alichukua kisu chake akaenda kuchinja mbuzi wa wengine, kuuliza "Ya nani? Ya nani?" kwa watu wengine mtaa mzima. Mimi nikafunga mlango kwa nguvu, bawaba ikang'oka. Hasira hasara, ndiyo hiyo.

Siku mbili hatukusalimiana. Nilijiambia Idi yao imepita, mambo yamekwisha. Siku ya tatu jioni Maman Mwavita akaja na bakuli la nyama, fungu la majirani, walilopewa na watu. Akakaa kwenye ndoo yangu.

"Anajisumbua bure," akasema. "Sheikh alimuambia, mutu asiye na uwezo hana zambi. Si lazima kwake. Lakini umeangalia ndevu zake?"

Nikachungulia juu ya ukuta. Papa Radjabu alikuwa amekaa na kiatu mkononi, ndevu kama kichaka, kucha ndefu. Hapo nikakumbuka. Mwenye nia ya kuchinja hakati nywele wala kucha tangu mwezi uandame mpaka mnyama wake achinjwe. Siku ya tatu, na mzee hajanyoa. Maana yake bado anangoja!

"Anangoja nini?" nikauliza, roho imeniruka.

"Kesho njo siku ya ine. Jua likizama, mulango umefungwa."

Yesu Maria! Hakuna aliyekuwa ameniambia kuna siku nne za kuchinja. Lakini ningeambiwa na nani, na mlango nimeufunga mwenyewe? Nilienda kwa Papa Radjabu nikapiga magoti palepale kwenye vipande vya ngozi. "Papa, unisamehe. Niachie ule mbuzi, nitakuletea muzima." Akasema alinisamehe tangu siku ile ile, ila alikuwa anaogopa kubisha mlangoni kwangu. Tukacheka, na mimi nikalia.

Asubuhi na mapema nikapanda Miti na jike wangu wa sikio nusu, kutafuta wa kubadilishana. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mbuzi wa Miti ana alama! Huyu amepasuliwa, huyu ametobolewa, huyu amekatwa yote mawili. Nikipata sikio zima, nakuta ni mtoto, hajafika miaka miwili, meno ya mbele hayajabadilika. Saa nane ikanikuta nimekaa kando ya barabara, vumbi mpaka kwenye meno, nikimwambia mbuzi wangu kwamba Séraphine ni mjinga wa kutupa.

Polycarpe ndiye aliyesema, "Na kwa bamasera?"

Nikaruka! Masera, watawa wetu, wana zizi lenye uzio mzima. Mbuzi wao hawachanganyiki na wa mtu, wawekewe alama ya nini? Nikamkuta Masera Marie-Louise anamwagilia mboga. Nikamweleza yote, sikio, ndevu, siku ya nne. Akanisikiliza mpaka mwisho, maji yakimwagikia viatuni.

"Kwa hiyo, Maman, unataka mbuzi ya Kikatoliki kwa Idi ya Waislamu?"

"Masera, mbuzi haijabatizwa."

Alicheka hadi akashika uzio. Kisha akanichagulia dume jeupe, miaka mitatu, masikio mawili kama majani ya ndizi, akachukua jike wangu. "Huyu atatuzalia," akasema. "Kimbia."

Nikakimbia. Moto ya kwanza, pikipiki ya abiria, ikakataa mbuzi. Ya pili ikakubali, nikampakata mapajani kama mtoto wa kubatizwa, tukashuka. Foleni ilikuwa foleni ya Bukavu, sitaieleza. Tulipofika Cimpunda, jua lilikuwa limeshagusa kilima na nusu ya mtaa iko kwenye kivuli. Papa Radjabu alikuwa ameketi mlangoni, kisu kimenolewa tangu asubuhi, kimefunikwa kwa kitambaa. Akapitisha vidole: meno, macho, miguu, mkia, sikio moja, sikio la pili. Akashusha pumzi.

"Alhamdulillah. Muletee maji."

"Maji? Papa, jua!"

"Mbuzi anahema, Maman. Ametoka mbali, ana kiu, ana woga. Hatumuchinje vile."

Nilitaka kujing'oa nywele. Mwavita akaleta beseni. Yule dume akanywa, akapumzika, akanywa tena, kama amealikwa arusi, na mzee anampapasa shingo, anamwimbia kitu kidogo sana. Kivuli kinapanda ukuta. Mimi nilikuwa nasali salamu Maria, sina nyingine.

Mbuzi alipotulia, akalazwa ubavu wa kushoto, uso upande wa ziwa. Bati za nyumba za juu bado zilikuwa na jua. Papa Radjabu akatoa kisu kwenye kitambaa, na kwa mazoea ya miaka yote ile akainua kichwa.

"Ya nani?"

Alikuwa amesahau kwamba safari hii hakuna wa kumjibu. Mwavita alifungua mdomo, kikatoka kilio. Basi nikajibu mimi, Séraphine, kwa sauti iliyofika barabarani: "Ni ya Radjabu mwana wa Saidi, na Mwavita, na watu wote wa nyumba yake!"

Akarudia jina lake polepole, kama mtu aliyeshona viatu vya wenzake maisha yote anayejaribu vyake vipya. Bismillahi, Allahu akbar. Mkono ulipita mara moja tu. Alipokuwa anaosha kisu, ndipo tukasikia adhana ya magharibi.

Kesho yake akabisha mlangoni kwangu, ndevu zimepunguzwa, kucha safi, na sahani ya nyama imefunikwa vizuri. Nikasimama mlangoni, nikamzuia kwa mkono, nikakaza uso kama yeye anavyoukaza.

"Ya nani?"

"Yangu," akasema, hata hakungoja nimalize. "Ya Radjabu."