Ugonjwa Niliompa Mama

Mwanaume anaweza kuugua titi? Swali hilo lilinikosesha usingizi wiki tatu. Si kwamba jibu sikulijua. Nilikuwa nimelisoma kwenye simu mara nyingi kupita kiasi: anaweza, ni nadra, na mara nyingi uvimbe wa namna hiyo hauna madhara. Lakini chuoni nilisomea takwimu, na mtu wa takwimu akiambiwa jambo ni nadra hatulii. Anajiuliza hao wachache ni akina nani, na kwa nini asiwe mmoja wao.

Uvimbe wenyewe ulikuwa nyuma ya chuchu ya kushoto, mgumu, kama punje ya mahindi. Niliugundua nikijipaka mafuta chumbani kwangu Kibomet, mtaa wa Kitale. Baada ya hapo nikawa naugusa kila nusu saa kuona kama umekua, hadi pakaanza kuuma kwa kuguswaguswa, nami nikayaongeza maumivu hayo kwenye orodha yangu ya dalili.

Daktari mmoja Kitale alinipima akasema haoni la kutisha, ila vidole havitoshi. Nipigwe picha ya altrasaundi, kisha nirudi kwake. Angeweza kunituma jengo la pili tu, lakini nilimwomba aniandikie Bungoma. Hoja yangu niliiona safi: Kitale nafanya kazi kwenye saiba ya mtaa wa Tuwan, nawajazia watu fomu kwenye kompyuta, nusu ya mji inaijua sura yangu. Bungoma sijulikani. Nilichosahau ni kwamba nyumbani kwetu ni Misikhu, na watu wa Misikhu wakiandikiwa picha, wengi huenda Bungoma.

Benchi la kungojea picha za matiti lilijaa akina mama. Sijakaa vizuri nikasikia, "Ai, si huyu ni kijana wetu?"

Alikuwa jirani yetu wa Misikhu, muuza dagaa wa omena sokoni, na yuko chama kimoja cha akiba na mama.

"Umeleta mama?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Ndiyo."

"Pole, baba. Ni titi?"

"Wanaangalia tu."

"Na yuko wapi?"

"Ameenda choo."

Akaupakata mkoba wake ili mama apate pa kukaa. Nilikitazama kile kipande cha benchi kwa muda, nikasema acha nikamtafute, na sikusimama hadi Kitale. Picha sikupigwa.

Kesho yake mama akanipigia nikiwa kazini.

"Nyumba imejaa," alisema kwa sauti ya chini. "Chama chote kiko hapa. Wameleta sukari, wameleta unga, wameniwekea mikono. Mmoja amelia. Sasa wewe niambie, mimi ni mgonjwa wa nini?"

Nikatoka nyuma ya saiba nikamweleza yote.

"Na mimi nimewaitikia amina hapa asubuhi yote," akasema. "Nilidhani kuna kitu mnanificha."

Jumamosi nilienda Misikhu. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kochi, amekatazwa hata kubeba jagi la maji, na amekasirika. Nje, wanachama walikuwa shambani wakimpalilia maharagwe. Kwetu, mama mwenye shamba akilazwa au akisemekana ataenda kulazwa, wenzake huingia shambani bila kuitwa.

Baba mdogo, ambaye mama alikuwa amemweleza yote, alikuwa amefika kabla yangu na mpango wake ulikuwa tayari.

"Hii maneno ikae hapa ndani," alisema. "Wewe hujaoa. Msichana gani atataka kusikia ati ulitibiwa titi? Mtaenda wawili. Mama anakaa kwa benchi kama mgonjwa, wewe umemsindikiza. Mkishaingia ndani, unamwambia daktari ukweli."

"Mimi niko sawa," mama akasema. "Mimi ni mzee. Nani atanicheka?"

Nilitaka kukubali. Nitasema ukweli, nilitaka sana. Kichwa changu kilikuwa tayari kinapanga nani ataketi wapi na fomu nitaishika vipi ili jina lisionekane.

Muuza omena akaingia kuomba maji ya kunawa. Akamwona mama, akamwambia asiogope, aende hospitali mapema. "Dada yangu aliificha kwa sababu ya aibu," alisema. "Alikuwa anafunga leso kifuani mpaka ikaanza kutoa maji. Ndiyo maana mimi nikiona mtu kwa ile benchi, sinyamazi."

Mama aliinamisha uso. Hapo ndipo nilipokasirika, na sikumkasirikia yeye, wala baba mdogo. Nilijikasirikia mimi, mtu mzima mwenye digrii, nimemkalisha mama yangu kwenye kochi na ugonjwa wangu, huku wanawake saba wakipinda mgongo juani kwa ajili ya uongo niliousema kwa neno moja.

"Mama hana kitu," nikasema. "Ni mimi."

Baba mdogo akafyonya. Wanachama wawili waliokuwa wamemfuata muuza omena hadi mlangoni na majembe wakatazamana, mmoja akacheka.

"Mwanaume, bana?"

"Ndiyo, mwanaume. Kwani mimi kifua changu ni cha mbao?"

Muuza omena alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Sasa mbona ulitoroka na nilikuwa nimekuwekea nafasi?"

Mama aliinuka kwenye kochi, akachukua jembe la mmoja wao, akaenda kumalizia maharagwe yake.

Jumatatu nilienda Bungoma peke yangu. Mama alitaka kuja; nilikataa. Nilikuwa bado naogopa, na bado naogopa ninapoandika haya, kwa sababu daktari wa Kitale hajayasoma majibu. Lakini niliketi katikati ya benchi, si ukingoni. Mama mmoja akaniuliza nimemleta nani. Nikamwambia sijamleta mtu, ni titi langu. Akasema pole, akaendelea na simu yake. Jina langu lilipoitwa, mhudumu aliangalia nyuma yangu akimtafuta mgonjwa, nikampa fomu, nikaingia, nikavua shati nikalala chali.