Mbwa wa Kando ya Barabara

Harufu ya gunia lililoloa mvua hunirudisha kijijini Kisondela, siku baba alipotuletea mbwa mdogo ndani ya gunia. Mbwa wetu wa kwanza alikuwa amegongwa na lori la chai mbele ya nyumba yetu, akafa.

Huyu sikumpa jina. Kila nikitoka shule nilimpeleka kando ya barabara, nikamkandamiza mgongo na kumwambia, "Kaa." Aliruka, akanilamba mikono, nami nikaanza upya hata mvua ikinyesha.

Siku moja lori lilipita, naye akakaa. Mimi ndiye niliyerudi nyuma.

Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, ana mkungu wa ndizi kichwani. "Mwache aje, mwanangu. Hakuna gari."

Mbwa alinitazama, akingoja. Nilifungua mdomo mara mbili, lakini neno la kumruhusu halikutoka.