Shingo ya Jogoo

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, huchora violezo vya kukatia mbao. Mtu hubandika karatasi yake juu ya ubao mwembamba, kisha huupitisha kwenye mashine yenye msumeno mwembamba kama uzi, akifuata mistari mpaka atokee ndege, ua au samaki. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, kwenye meza iliyo kati ya jiko na dirisha. Mgongo umepinda kuielekea meza hiyo hata anapotembea.

Kwake, kiolezo huchorewa mtu aliyechoka. "Mwenye nguvu atajijua," husema. "Mimi namchorea aliyetoka kazini, macho mazito, watoto wanalia." Ndiyo maana mistari yake ni minene, pa kutoboa huweka nukta, na sehemu ya kuondolewa huitia kivuli cha penseli. Hata asiyejua kusoma hufika mwisho. Mimi niliyestaafu nikiwa mwalimu mkuu sijawahi kuchora hata kikombe kikasimama.

Chini ya kila karatasi liliandikwa jina la mume wangu. Yeye ndiye aliyekata, akauza, akapokea sifa. Hakuna aliyeuliza, nasi hatukusema. Niliona nyumba moja, jina moja, yatosha.

Wiki tuliyomzika, chuo cha ufundi kilikuwa kinangoja kiolezo cha jogoo. Wifi hukikata kwanza yeye mwenyewe kila kiolezo kabla hakijatoka, lakini wiki hiyo alisema msiba umemnyima mkono wa kukata.

"Kipeleke hivyohivyo, wifi," nikamhimiza. "Wasije wakasema nyumba imekufa na mwenyewe."

Akakipeleka.

Baada ya mwezi akaja mwalimu wa useremala na mfuko. Akamwaga mezani vichwa vya jogoo, vichwa vitupu.

"Shikamooni, mama zangu. Hawa wote wamechinjwa darasani kwangu."

"Wanafunzi wako wanakata kama wanapasua kuni," nikamjibu.

"Mama, watu thelathini wachinje pahali pamoja?"

Wifi alitoa karatasi ya kiolezo ndani ya mfuko, akavaa miwani. Shingo, kile kipande chembamba kinachoshika kichwa, ilikuwa imetiwa kivuli. Wanafunzi walikata walichoambiwa.

Mwalimu alisoma jina lililo chini, akashusha sauti. "Mzee alikuwa fundi. Nadhani maradhi yalishamzidi. Nitawaambia wanafunzi alichora akiwa hoi."

Nilimtazama wifi. Hakuinua macho, alikuwa anaifuta shingo kwa raba, taratibu. Nikinyamaza, mume wangu anabeba kosa lisilo lake, naye hana tena mdomo wa kujitetea. Nikisema, namvua na sifa zisizo zake.

"Siye aliyekichora," nikasema.

"Nani basi?"

"Huyu hapa. Na aliyemharakisha ni mimi."

Mwalimu alimtazama wifi, kisha mimi. "Na yule tausi tunayemfundishia kila mwaka? Na ule mti wenye ndege tisa?"

Nikavuta kiti, nikakaa. "Vyote. Tangu cha kwanza. Mume wangu hakuweza kunyoosha mstari. Alikuwa na mkono wa kukata, na huo msimnyang'anye."

"Kumbe ni wewe, mama!" Mwalimu alimgeukia wifi. "Njoo basi chuoni, wanafunzi wakuone."

"Waone nini, kikongwe na penseli? Waje wao, zile ngazi zenu zitaniua. Na vichwa hivyo usivitupe. Nitawachorea kibao cha kuvishikiza kwenye viwiliwili kwa nyuma, wavigandishe kwa gundi."

Alipoondoka, niliegemea meza. Nikauliza, "Wifi, miaka yote hiyo ulikuwa unangoja niseme?"

"Mwanzoni, ndiyo," akajibu, akichonga penseli. "Halafu nikachoka kungoja. Hebu inua mkono, umelalia karatasi yangu."