Neno Lililompeleka Mdogo Wangu Kwenye Mkonge

Mdogo wangu aliharibu gari la mjomba mara tatu katika msimu mmoja. Mara ya kwanza aliingia kwenye mkonge upande wa Ngerengere. Mara ya pili aliingia kwenye migomba ya mtu njia ya Mkuyuni. Mara ya tatu alipindua gari kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, watu wakiangalia.

Ni mtoto wa mama yangu mdogo, ana miaka ishirini na mmoja, na sijamsikia akitaka kitu kingine zaidi ya mbio za magari. Gari lenyewe ni la mjomba, mwenye gereji pale Mafiga. Na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuleta zawadi sikukuu tu. Mjomba ndiye anayeamua. Baba zetu walitoa maoni yao kwenye kundi la familia la simu, wakawekewa vidole gumba, basi, yakaishia hapo.

Jumatatu ya wiki iliyofuata jina la dereva lilitakiwa kuwafikia waandaaji wa mbio zinazofuata. Mjomba alikuwa ameshataja dereva mwingine, mtu mzima kutoka Dar. Akaitisha kikao Ijumaa alasiri, na mimi nikaambiwa niandike kumbukumbu, kwa sababu mwenye shahada asiye na kazi ndiye katibu wa kila kitu.

Wiki nzima niliishi kana kwamba ninayehukumiwa ni mimi. Je, nataka kumtetea kwa sababu anastahili, au kwa sababu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo? Na akipewa gari akaumia, nitajibu nini kwa mama mdogo? Nilichora jedwali la makosa yake. Nilipolimaliza nililichora upya kwa rangi. Ndipo nikaona sina habari za kutosha, nikaenda kuomba daftari la kona.

Kwenye mbio hizi dereva hakai peke yake. Kushoto kwake anakaa msomaji, ambaye ameandika kila kona kabla ya siku ya mbio na anamsomea kwa sauti: kulia au kushoto, kisha namba. Moja ni kona kali kabisa, sita ni karibu mnyoofu. Msomaji wetu wa msimu ule aliyajifunzia mambo haya mbali, na alikuwa makini. Kwenye ile kona ya mkonge aliandika: "Kulia tatu, usikate." Kwenye ile ya migomba: "Kushoto mbili, usikate."

Nilimkuta mdogo wangu uani anamenya mihogo.

"Hivi ukisomewa 'usikate' unaelewaje?"

"Nisikate, dada."

"Usikate nini?"

"Kona. Nisikunje." Kisu kikasimama. "Lakini ameshasema kulia. Kwa hiyo mikono inaganda kidogo. Nangoja aniambie sasa kata."

Ndipo nilipoelewa. Gerejini kwetu, na mji mzima, mtu akikuelekeza njia anasema kata kulia, kata kushoto. Kukata ni kuzungusha usukani. Msomaji alimaanisha asiipite kona kwa ndani, kwa sababu kuna jiwe. Kwa mwendo ule, kuganda kwa kufumba na kufumbua kunatosha kukupeleka shambani.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba sijui Kiswahili?"

Ijumaa nilifika gerejini mapema, nikamwamkia mjomba, nikamwamkia na fundi wake mkuu, mzee ambaye ukoo wake na wetu ni watani. Mjomba alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Aliongea kwa utulivu, na utulivu wake ndio uliotisha. Kijana amepewa nafasi, amezichezea. Gari si ngoma ya kupigwa na kila mwenye mikono.

Nilikuwa na maelezo ya kurasa nne. Badala ya kufungua mdomo, nikaanza kuzipanga upya.

Fundi akadakia. "Mimi mtani, nikisema ujinga mtanisamehe mpende msipende. Bwana mkubwa, wewe ulipoanza kuendesha uliingiza lori la kabichi mtoni. Nani alikunyang'anya ufunguo?"

"Wewe mzee, nyamaza! Siku nikifa hutaonja hata pilau."

"Siku ukifa nitalala kaburini mwako mpaka wanao wanilipe mbuzi ndipo nitoke. Sasa msikilize binti, anahangaika na makaratasi yake."

Watu wakacheka, na katika kicheko kile nikayaweka makaratasi chini. Nikaeleza lile neno. Mjomba akalichukua daftari, akasoma kona zile mbili midomo ikicheza. Kisha akauliza swali nililokuwa nalikimbia wiki nzima.

"Na pale alipopindua? Kwenye mnyoofu? Hapo neno gani?"

Hapakuwa na neno. Nilitafuta ukurasa mzima, hapakuwa na chochote.

"Nilikuwa nawapungia mkono watu, mjomba," alisema mdogo wangu. "Pale ni ujinga wangu."

Kwenye jedwali langu kosa hili lilikuwa la rangi nyekundu, na nilikuwa nimeandaa aya mbili za kulipunguza. Sikuzisoma. Mjomba akaniambia mimi, si yeye: "Kesho asubuhi, barabara ya shambani. Umsomee wewe, kwa maneno yenu. Nitaona mwenyewe."

Sijawahi kuamka nikiwa hai kama Jumamosi ile. Milima ya Uluguru ilikuwa na ukungu kiunoni, barabara kati ya mistari ya mkonge ilikuwa tupu, na mwenye shamba alikuwa ameweka watu huku na huku asipite mtu. Ijumaa jioni tulikuwa tumeiandika njia nzima sisi wawili, kwa maneno yetu. Jiwe likiwa ndani ya kona, tuliandika "jiwe." Mikanda ilinibana mpaka nikashindwa kuwaza, na kwangu hiyo ni ahueni kubwa.

"Dada, ukiogopa piga kelele, ila endelea kusoma."

Tukaruka. Sina neno lingine. Kokoto zilipiga chini ya gari kama mvua ya mawe. "Kushoto nne! Kulia tatu, jiwe!" Naye akaikunja ile kona kwa upole wa mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Nilicheka kwa sauti. Kona baada ya kona neno langu lilitoka na gari likalitii, na nilijisikia naendesha kwa mdomo.

Kisha nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

Nilisoma "kushoto tano" na mbele yangu barabara ilikuwa inaelekea kulia, chini, kwenye kijito. Ningeweza kunyamaza nikitafuta ukurasa, na mtu wa namna yangu hutaka kwanza kuwa na hakika. Nilipiga kelele: "Nimepotea! Nimekosea!"

Hakuuliza kitu. Aliachia mafuta, gari likatulia, tukavuka maji taratibu. "Soma unachokiona," alisema. Nikasoma nilichokiona mpaka nikaupata ukurasa, kisha akakanyaga tena.

Mwisho wa njia mjomba alikuwa ameshika simu yenye saa inayohesabu. "Mbona pale kijitoni mmelala? Nimesikia injini ikififia."

"Nilipunguza mwenyewe," alisema mdogo wangu.

"Mimi niliruka ukurasa, mjomba."

Fundi akaangua kicheko. "Ukoo mzima wa wakosaji!"

Mjomba hakucheka. Alilizunguka gari, akainama kuangalia kila tairi, akagusa bampa iliyokuwa haina hata mkwaruzo. Kisha akaiweka fomu juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto na kuandika jina la mdogo wangu, herufi moja moja, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi.

"Mbio moja," alisema. "Mikono yote miwili kwenye usukani."

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Kalamu ikashuka mstari wa chini yake, penye nafasi ya msomaji. Mjomba akaniangalia. Mimi huchukua wiki kuchagua viatu. Nilisema ndiyo kabla hajauliza.